Ndafu Imesikika, Haikuonekana

Video imekataa. Imeshushwa kwa bando la wiki nzima, nafasi yake kwenye simu imepatikana kwa kufuta picha za watoto, bibi ameletewa kiti na miwani yake imefutwa kwa ncha ya kanga, na kioo ni cheusi tii. Sauti ipo, tena safi. MC anatangaza kuwa maharusi wanaingia, matarumbeta yanalia, vigelegele vinapokezana. Kisha picha inajitokeza ghafla: bwana harusi ameinua mguu wa kulia apande jukwaani. Mguu huo unabaki hewani. Keki inakatwa kwa sauti, mguu uko hewani. Shampeni inafunguliwa, mguu uko hewani. Ndafu inaletwa, inasifiwa, wakwe wanalishwa, na bwana harusi bado hajakanyaga chini. Bibi anavumilia kadiri awezavyo, halafu anauliza kwa upole kama kijana ana tatizo la nyonga. Mwenye simu anampelekea malalamiko aliyemtumia video, na jibu linarudi upesi kuliko video yenyewe: "Mbona kwangu inacheza vizuri? Badilisha simu." Hivi ndivyo harusi nyingi zinavyohudhuriwa siku hizi na walio mbali.

Ushauri huo hutolewa kwa wepesi wa kutisha, na ndio ninaotaka kuupinga. Dai langu ni moja: video isipocheza, wa kulaumiwa karibu kila mara ni aliyeituma, na kazi ya kuigeuza ni yake. Desturi yetu imelipindua jambo hili miguu juu. Anayerekodi ana simu ya mamilioni, kichakataji chenye nguvu na mara nyingi Wi-Fi ya ofisini. Anayepokea ana simu ya kawaida, bando la kuhesabu na chaji iliyobaki kidogo. Halafu mzigo wote wa kiufundi anatwishwa huyu wa pili. Yeye ndiye anayekwenda kwa fundi. Yeye ndiye anayeshusha programu za kugeuza video zilizojaa matangazo ya kubeti, ambazo humtaka achague moja kati ya majina asiyoyajua, na akichagua humwambia kuwa hilo alilochagua ni la wanaolipia. Na yeye ndiye anayeaibika mbele ya wakubwa zake.

Tuanze na ushahidi unaowapoteza wengi, nao ni jina la faili. Faili imeandikwa MP4, simu inajinadi kuwa inacheza MP4, basi kwa akili ya kawaida mambo yamekwisha. Hayajakwisha. MP4 ni gunia tu, na MOV ni ndugu yake wa damu. Maandishi ya nje ya gunia hayasemi kama ndani mna mchele, mahindi au saruji. Simu hulipokea kwa heshima zote, hulifungua, ndipo hugundua kuwa yaliyomo yamelishinda jino. Kinachoamua ni kodeki, yaani kanuni iliyotumika kuibana picha. Mwaka 2003 ilitoka H.264, ambayo leo huchezwa na karibu kila simu janja inayowaka. Mwaka 2013 ikafuata H.265, maarufu kama HEVC, inayobana zaidi lakini ikadai hesabu nyingi zaidi wakati wa kufunguliwa. iOS 11 ilipotoka mwaka 2017, iPhone zenye uwezo huo zilianza kurekodi kwa HEVC bila kumuuliza mwenye simu, na kuanzia iPhone 12 ya mwaka 2020 zikaongeza rangi za biti 10 za Dolby Vision. Android nayo imekuwa ikiielewa HEVC tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014, lakini kuielewa si kuimudu.

Kwa haki, ubanaji wenyewe unastahili kuvuliwa kofia. Picha moja ya 1080p ina nukta 2,073,600. Kila nukta ikiandikwa kwa baiti 3, na fremu 30 zikipita kila sekunde, dakika moja ya video itadai gigabaiti 11 na ushei. Harusi ya saa mbili ingevuka terabaiti 1.3, na sehemu kubwa ya hizo zingekwenda kwa MC akitambulisha kamati. Kinachotuokoa ni udhaifu wa jicho. Jicho la binadamu ni kali kwenye mwanga na kivuli, lakini kwenye rangi ni zembe. Hivyo kodeki huhifadhi mwangaza wa kila nukta, kisha huzipa nukta nne rangi moja zigawane, na hakuna aliyewahi kulalamika. Baada ya hapo picha hukatwa miraba, na kila mraba hupitishwa kwenye hesabu ya ukoo wa ile iliyochapishwa mwaka 1974 na Nasir Ahmed na wenzake wawili, Natarajan na Rao. Hesabu hiyo hutenganisha mambo makubwa ya picha na vijimambo ambavyo hata vikitupwa jicho halishtuki. Ahmed aliomba fedha za kuifanyia utafiti kutoka mfuko wa sayansi wa serikali ya Marekani akanyimwa. Leo imo katika kila picha ya JPEG inayotumwa duniani, pamoja na zile za "habari za asubuhi" zenye maua. Lakini utamu hasa uko kwenye hatua ya mwisho, kwa sababu kodeki haihifadhi fremu zote. Huhifadhi moja nzima, na zinazofuata huziandikia tofauti tu: ukuta ni uleule, pazia ni lilelile, mguu umesogea kidogo kushoto. Nyingine huandikwa kwa kutazama nyuma na mbele, zikitegemea fremu ambayo mtazamaji hajafika kuiona. Kwa hiyo video ni mlolongo wa fremu zinazodaiana, na moja ikishindwa kufunguliwa, zote zinazoitegemea hukwama nayo.

Kufungua madeni hayo kuna muda wa mwisho. Kwa fremu 30 kwa sekunde, kila moja inapewa milisekunde 33. Kwa fremu 60, haifiki hata milisekunde 17. Ndiyo sababu chipu ya simu huwa na sehemu maalumu iliyotengenezwa kwa kazi hii peke yake. Sehemu hiyo ni nyepesi na hula chaji kidogo, lakini haifundishiki: kodeki gani, picha ya ukubwa gani, rangi za biti ngapi, yote yalishaamuliwa kiwandani. Video ikivuka mipaka hiyo, ama simu inakataa, ama kazi inatupiwa kichakataji cha kawaida, ambacho huanza kuchemka, kuchelewa na kuruka fremu. Sauti ina kodeki yake, mara nyingi AAC, na kuifungua hakuisumbui hata simu nyonge. Ndiyo maana ndafu husikika bila kuonekana. Simu haijaharibika na mwenye nayo hajabonyeza vibaya. Imepewa hesabu ambayo haikutengenezewa.

Mtetezi wa aliyetuma atasema: basi mpokeaji anunue simu iliyotengenezewa. Tuchukue hesabu tuone angenunua nini. Fremu ya 4K ina nukta 8,294,400. Simu nyingi za bei nafuu zina kioo cha nukta 720 kwa 1600, na kikilazwa, video ya kawaida hukaa juu yake kwa nukta 1280 kwa 720, yaani 921,600. Gawanya: ni mara tisa kamili. Katika kila nukta tisa zilizolipiwa kwa bando, kufunguliwa kwa jasho na kupandisha joto la betri, nane hazina pa kukaa. Na simu mpya yenye kioo kikali zaidi haiondoi upotevu huo wote, kwa kuwa kioo chenyewe kinajaa kiganjani, na jicho tulishalisema tabia yake.

Mwingine atasema HEVC ilibuniwa kuokoa nafasi, na kweli lengo lake lilikuwa kutoa ubora uleule kwa karibu nusu ya data. Sibishi. Lakini akiba hiyo mtumaji huila mwenyewe kabla haijamfikia mtu. Mipangilio ya iPhone yenyewe inakadiria kuwa dakika moja ya 4K kwa fremu 60 ni takriban megabaiti 400, hiyo ikiwa ni HEVC. Dakika ya 720p kwa H.264 ile ya kizamani ni kama megabaiti 60. Dakika tano za harusi, basi, ni gigabaiti 2 upande mmoja na megabaiti 300 upande wa pili. Wa tatu atashauri isakinishwe VLC. VLC ni programu nzuri, ya bure, na huifungua karibu kila kodeki. Lakini inampa mpokeaji ujuzi, haimpi nguvu. Kichakataji kisichofikisha fremu 60 za 4K kwa sekunde hakitazifikisha kwa kuwa mlezi wake amebadilika.

Kuna pia kejeli ya WhatsApp. Watu huisema vibaya kwamba huharibu video, na ni kweli huibana hadi nyuso zikawa ukungu. Lakini katika kuibana huko huigeuza pia iwe kitu ambacho simu ya upande wa pili inakimudu. Ndiyo fundi aliyewahudumia watu wengi kuliko mafundi wote wa mitaani, bila ujira na bila shukrani. Wapenda ubora wakagundua njia ya kumkwepa: kutuma video kama dokyumenti. Mwaka 2022 kikomo cha dokyumenti kikapandishwa hadi gigabaiti 2, na tangu hapo harusi husafiri nzima nzima, haikuguswa wala haichezeki.

Mpokeaji akiamua kugeuza mwenyewe, misiba midogo humpangia foleni. Video iliyorekodiwa wima hutoka imelala. Maharusi huvutwa wajaze kioo wakanenepa kabla ya fungate. Mchungaji huanza kusema baada ya maneno yake kufika. Na aliyebonyeza "HD" hupata faili kubwa zaidi yenye ukungu uleule, kwa sababu kilichokwisha kutupwa hakirudi.

Mpaka hapa nimecheka. Sababu ya kina ya fujo hii haichekeshi. H.264 ilipata kituo kimoja kikuu cha leseni za hataza, MPEG LA, ambacho mwaka 2010 kilitangaza kuwa video zinazotazamwa bure mtandaoni hazitatozwa. HEVC ilipokuja, wenye hataza hawakukubaliana. MPEG LA ikafungua dirisha la leseni mwaka 2014, HEVC Advance likafuata mwaka 2015, Velos Media mwaka 2017, na wengine wakabaki nje ya yote wakidai kivyao. Microsoft ikafika mahali pa kuuza kiongezi cha HEVC kwa Windows kwa dola 0.99, ili mtu atazame video aliyoipiga mwenyewe. Linganisha na MP3: mpango wa leseni zake ulifungwa mwaka 2017, na leo wimbo wa MP3 hupigwa na simu ya kitochi, redio ya bodaboda na spika ya sokoni bila kubembelezwa. Uwezo wa kutengeneza kitu kinachocheza kila mahali upo. Wakubwa wamegombania mirabaha, na bili imetumwa kwa mtu ambaye hakualikwa mezani, ikiwa na umbo la bando lililokwisha.

Ugomvi huo mtumaji hawezi kuumaliza, ila yeye ndiye wa mwisho mwenye uhuru wa kuchagua kabla faili haijamfikia asiye na chaguo. Kwenye iPhone, sehemu ya miundo katika mipangilio ya kamera, ipo njia ya kurekodi kwa namna inayokubalika na vifaa vingi. Simu nyingi za Android nazo zina kitufe cha kuzima HEVC. Kama harusi imekwisha kurekodiwa, HandBrake ni programu ya bure ya kompyuta, na ina mpangilio uliokwisha kuandaliwa uitwao Fast 720p30, wenye H.264 na AAC. Nakala ya 4K abaki nayo kwenye diski yake, wajukuu waje kuhesabu shanga za shela. Ile ya kutuma aijaribu kwanza kwenye simu ya bei ya chini kuliko zote zilizomo nyumbani mwake. Ikicheza hapo, aitume. Isipocheza, kazi bado ni yake.