Ombi la Kusajiliwa Kuwa Karakana ya Mabasi

Mpangaji, ghorofa ya tatu,
Upanga Magharibi,
Dar es Salaam.

Kwa Waziri,
Wizara ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi,
Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma.

YAH: OMBI LA KUMSAJILI MAMA MUUZA VITUMBUA KUWA KARAKANA YA MABASI

Mheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mpangaji tu, sina cheo. Nilichonacho ni dirisha la jikoni linalotazama bonde la Msimbazi, na mazoea ya kunywa chai nikiwa nimesimama hapo. Kwa miaka nimeliona bonde hilo likiwa kavu, likiwa bahari, likiwa uwanja wa siasa, na sasa limejaa mitambo na mafundi wenye kofia za plastiki. Nakuandikia kwa niaba ya mama anayeuza vitumbua chini ya ngazi zetu. Kuandika anajua, ila anasema barua zake za nyuma zilipokelewa, zikagongwa mhuri, zikalala. Ameona safari hii atumie mtu mwenye Kiswahili cha ofisini.

Ombi lake ni fupi. Anataka asajiliwe kuwa karakana ya mabasi, au kama wanavyoita huko chini, yadi.

Najua utashangaa, kwa hiyo nianze na Agosti 2015. Mwezi ule Jangwani palikuwa mahali pazuri mno. CCM ilizindulia kampeni zake pale, na siku chache baadaye wapinzani wa UKAWA nao wakazindulia zao palepale. Umati ulikanyaga ardhi ile hadi vumbi likapanda kwetu Upanga, na hakuna kiongozi hata mmoja wa pande zote mbili aliyeshika kipaza sauti akasema: ndugu zangu, ondokeni, hapa ni hatari. Mama aliuza vitumbua kwenye mikutano yote miwili, bila itikadi, na anakumbuka kwamba mafuta yalimwishia mapema.

Desemba mwaka uleule, kura zikiwa zimeshahesabiwa, ardhi ikawa hatarishi. Kuta zikapigwa X nyekundu, buldoza likashuka bondeni. Sheria ya Ardhi inampa Waziri uwezo wa kutangaza ardhi kuwa hatarishi, na inataka wanaoishi pale waarifiwe na wasikilizwe. Mama, ambaye nyumba yake ilikuwa bondeni, anasema yeye aliarifiwa na rangi. Hakujua kwamba herufi moja ya alfabeti inaweza kuwa arifa, mkutano wa hadhara na hukumu kwa pamoja.

Nisije nikaeleweka vibaya. Bonde lile linaua. Desemba 2011 mvua ilinyesha tukapoteza makumi ya watu, na familia nyingi zikapelekwa Mabwepande zikaanze upya porini. Sitamtetea mtu yeyote anayetaka watoto walale mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na mimi nailaumu sheria hiyo kwa jambo moja tu: tepu yake ni fupi. Ilizipima nyumba za matofali na mabati zote, ikafika kwenye ukuta wa karakana ya mabasi ya mwendokasi, ikaishia hapo.

Maana karakana ile, Mheshimiwa, ilijengwa bondeni, na Serikali yenyewe, katika miaka ileile ambayo wananchi walikuwa wakielezwa kwamba bonde halijengwi. Mabasi yakaanza safari Mei 2016. Mwaka 2018 tuliyaona yamesimama ndani ya maji kama viboko. Kila masika Barabara ya Morogoro inafungwa pale Jangwani, na mtu wa Magomeni anayefanya kazi Kariakoo anaanza kuulizana na wenzake njia kama mgeni. Yanga, ambao makao yao yapo Jangwani, wamebandikwa jina la vyura na watani wao wa Simba kwa sababu ya maji hayohayo, nao wamelibeba kwa heshima. Karakana haikupewa jina lolote la utani, wala X.

Karakana ilipewa mkopo. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya Mradi wa Bonde la Msimbazi, na katika mipango yake mnajengwa daraja jipya la Jangwani la mita 390, na karakana inahamishiwa Ubungo Maziwa. Soma tena hapo, Mheshimiwa. Inahamishwa. Imetafutiwa kiwanja na imetengewa fedha, na hakuna aliyeiita mvamizi wala kuiuliza hati yake iko wapi. Hiyo ndiyo adabu ambayo mama anaiomba.

Sifa anazo. Ameishi bondeni muda mrefu kuliko basi lolote. Amefurika mara nyingi zaidi. Hubeba abiria: wajukuu wanne na mdogo wake mgonjwa. Kama kinachohitajika ni rangi ya bluu, atajipaka.

Sasa niruhusu niseme kidogo juu ya neno moja linalonisumbua. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ameishika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Ni neno zuri. Lakini huku kwetu, ukivuka Mnazi Mmoja ukaingia Kariakoo, mdhamini ni yule ndugu anayeamshwa usiku aende Kituo cha Polisi Msimbazi kukutoa. Ukiruka dhamana, wewe umeshafika Tanga, anayekamatwa ni yeye. Katika habari ya ardhi tumeligeuza neno hili miguu juu kichwa chini: mdhamini akijenga karakana mtoni, sisi ndio tunaolipa mkopo wa kuihamisha.

Tulionywa mapema. Tume ya Rais iliyoundwa 1991 chini ya Profesa Issa Shivji ilizunguka nchi nzima ikisikiliza watu, ikapendekeza mamlaka ya mwisho juu ya ardhi yatoke mikononi mwa serikali kuu, yawekwe kwenye tume ya taifa ya ardhi na mikutano mikuu ya vijiji. Serikali ikashukuru kwa kazi nzuri, ikakataa. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Lohay Akonaay, ilitamka kupitia Jaji Mkuu Francis Nyalali kwamba haki ya mtu katika ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, kwa kuwa vinginevyo Watanzania wengi wangekuwa kama maskwota ndani ya nchi yao. Kesi ile ilihusu ardhi ya kimila, mbali na Jangwani, najua, wanasheria wasinirukie. Ila mama ana risiti za kodi ya jengo kwenye mfuko wa rambo, na nguzo ya umeme ilisimikwa mlangoni kwake kwa mikono ya watu waliovaa sare. Anauliza, na mimi nauliza pamoja naye: mvamizi gani hukatiwa risiti?

Wala mimi si msafi, usidhani naandika kutoka mbinguni. Upanga yenyewe ilipangwa na Waingereza kuwa makazi ya Wahindi, kama Oyster Bay ilivyokuwa ya Wazungu na Kariakoo ya Waafrika, na Mnazi Mmoja ikaachwa wazi katikati kutenganisha watu. Aprili 1971 Serikali ikatwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na mengi yalikuwa ya Wahindi wa mitaa hii na ya Uhindini. Jengo likiwa limezidi miaka 10, mwenyewe hakulipwa hata senti. Wengine walifungasha wakaenda Kanada na Uingereza. Wakati ule watu wengi walishangilia, na sababu za kushangilia zilikuwepo, kwa maana wenye nyumba walikuwa wachache na wapangaji walikuwa wengi. Lakini ninapoandika kwamba mtu asiondolewe kwake bila kulipwa, naandika nikiwa nimeketi mtaa ambao nusu ya sebule zake zina historia hiyo. Tulivyozoea sisi, yakimpata mwingine ni sera, yakitupata ni dhuluma.

Narudi kwa mama, maana hapa ndipo shauri lake lilipo. Mradi wa Msimbazi ulipofika, ulifika na masharti ya mkopeshaji, na miongoni mwake ni kwamba hata asiye na hati alipwe kwa kile alichojenga. Ghafla watu wa bondeni wakabadilika. Waliokuwa wavamizi wakaitwa waathirika wa mradi. Wakatembelewa na wathamini wenye karatasi, wakapigwa picha mbele ya milango yao, wakafunguliwa akaunti benki, wakalipwa. Fidia ilizua manung'uniko yake, wengine walisema ni ndogo, lakini walilipwa. Mto ulikuwa uleule, na sheria za nchi zilikuwa zilezile. Aliyekuwa mgeni pale ni mwenye fedha, na inaonekana yeye alijua kusoma sheria zetu vizuri kuliko sisi.

Na mama? Mama hayumo kwenye orodha. Nyumba yake ilibomolewa Desemba 2015, kwa hiyo mthamini alipopita hakukuta kitu cha kuthamini. Waliokaidi wakarudi kujenga palepale wamelipwa. Yeye aliyetii X akaenda kupanga chumba Kigogo hana anachodai. Mheshimiwa, sijui Wizara yako inafundisha nini kwa mfano huu, lakini wajukuu wa mama wamekwisha kuelewa, na mkubwa wao ana miaka 14.

Usiniambie haiwezekani kuwafuata watu waliokwisha kuondolewa. Ng'ambo ya bonde, Magomeni Kota, kaya 644 zilivunjiwa nyumba zao zikasubiri takriban miaka 10, zikahangaika kwenye vyumba vya kupanga, na hatimaye 2022 zikakabidhiwa nyumba mpya palepale zilipotoka. Majina yao yalikuwa yametunzwa. Orodha ilikuwepo, na mtu fulani aliamua kuitumia.

Kwa hiyo, kama usajili wa karakana unakwama kwa sababu mama hana magurudumu, tunaomba mambo mawili badala yake. La kwanza, waliobomolewa bondeni kabla ya mradi waorodheshwe na watendewe kama wale waliolipwa baada yake. La pili ni hili. Mpango wa bonde unasema katikati patakuwa bustani kubwa ya jiji, na kandokando ardhi itainuliwa kwa kifusi ijengwe makazi na biashara. Ardhi ambayo haikumfaa mama inakwenda kuwa kiwanja cha thamani, hatua chache kutoka Kariakoo, chenye mandhari ya bustani. Tunaomba kabla kipande hata kimoja hakijagawiwa, ramani ibandikwe ofisi za kata za Jangwani, Upanga Magharibi, Mchikichini na Kigogo, pamoja na bei na majina ya wanaoomba. Na waliowahi kuishi pale waulizwe wa kwanza. Mdhamini mwema hahitaji kuambiwa hivyo, lakini nimeona niandike.

Nimeambatisha fomu. Pale palipoandikwa "aina ya chombo" tumepaacha wazi, na pale palipoandikwa "makazi ya sasa" mama ameandika kwa mkono wake: chumba kimoja, watu sita, Kigogo, karibu na mto uleule.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mpangaji, Upanga Magharibi.