Shemeji, Mpwa na Pilau ya Jumapili

Siku hizi ukitaka kuharibu pilau ya Jumapili huna haja ya kutaja Simba na Yanga. Taja akili mnemba. Kwetu ugomvi huo una wenyewe wawili, na wote ni watu wangu: shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ni mchoraji, na mpwa wangu, mtoto wa dada, anayeandika programu za simu kwenye kampuni moja ya mjini. Mimi naandika safu, kwa hiyo kila mmoja ananihesabu wa kwake mpaka nifungue mdomo.

Shemeji neno lake ni moja: wizi. Ukimwomba ushahidi, anao kichwani. Atakutajia LAION-5B ya mwaka 2022, orodha ya picha zaidi ya bilioni 5 zilizokombwa mtandaoni pamoja na maelezo yake, wala hakuna mchoraji aliyebishiwa hodi. Atakutajia Sarah Andersen, Kelly McKernan na Karla Ortiz, waliokwenda mahakamani huko Marekani Januari 2023 kuzishtaki Stability AI, Midjourney na DeviantArt. Anawataja kwa majina ya kwanza utadhani walisoma naye. Kinachompendeza kuliko vyote ni zile picha zilizotoka kwenye mashine zikiwa na alama ya Getty Images imepindapinda juu yake. Anasema huyo ni mwizi wa ng'ombe aliyechinja, akachuna, akagawa nyama, halafu akaanika ngozi yenye chapa ya mwenyewe uani kwake.

Mpwa anacheka. “Anko, hata sisi tumechukuliwa, mbona hatulii?”

Ni kweli walichukuliwa. GitHub ilipoitoa Copilot mwaka 2021, chombo hicho cha kumsaidia programa kuandika kilikuwa kimefundishwa kwa misimbo ambayo watu walikuwa wameiweka hadharani. Novemba 2022 baadhi ya maprograma wakafungua kesi. Lakini wenzao wengi waliisoma habari ya kesi hiyo huku Copilot yenyewe ikiwamalizia sentensi. Mpwa ananieleza kwamba kwao kuazimana ni mila ya zamani: mtu anaandika kitu, anakiweka wazi, mwingine anakichukua. Leseni kama ile ya MIT inakuruhusu karibu kila kitu, ila usilifute jina la mwandishi. Sasa mashine imechukua kila kitu na kufuta kilekile kimoja walichoombwa watu wasikifute.

“Na hukasiriki?” nikamwuliza.

“Nakasirika jioni, Mjomba. Mchana nina kazi.”

Wasomi wa maadili wataniletea vitabu vinene kueleza kwa nini huyu anaona dhambi na yule anaona jembe. Mimi nimewatazama hawa wawili mezani kwangu, naona tofauti yao iko kwenye namna ya kulipwa. Mpwa analipwa kwa mwezi. Mashine ikimmalizia kazi saa sita mchana, alasiri ni yake, na mshahara haujui kwamba alasiri alikuwa anatazama mpira. Shemeji analipwa kwa kipande. Mashine ikirahisisha kipande, anayefaidi ni mteja. Zamani kamati ya harusi ilikuja kwake kuomba kadi ya mwaliko, wakakaa, wakanywa soda, wakabishana bei. Sasa mwenyekiti wa kamati anakuja na picha kwenye simu: bibi harusi ana vidole sita, na chini pameandikwa “KARIBNUI NYOTE”. Anasema, “Hii tayari, nisafishie tu hapa na hapa.” Shemeji anabaki kujiuliza kupunguza kidole kimoja ni shilingi ngapi, maana kwenye orodha yake ya bei haimo.

Na ndiyo maana si maprograma wote wanaozungumza kama mpwa. Wapo vijana waliohitimu na bado wanazunguka na vyeti vyao, ambao zile kazi ndogondogo za kuanzia wanaambiwa sasa zinafanywa na mashine. Hao ukiwasikiliza huku umefumba macho utadhani ni shemeji. Wapo pia waliojitolea kabisa: watafiti wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 2023 walitoa Glaze, programu ya kuifunika picha kwa mabadiliko madogo ambayo jicho halisumbuki nayo lakini mashine inayojifunza mtindo inapotea njia. Shemeji aliijaribu. Kompyuta yake ya mtumba ikahema, ikapata joto, ikazima. Mashine inayoiba inafanya kazi hata kwenye simu ya mwenyekiti wa kamati. Inayozuia wizi inataka kompyuta ya tajiri.

Ukitaka mpwa abadilishe mazungumzo, mtajie Stack Overflow. Mtandao huo maprograma waliujenga kwa kujibiana maswali bure miaka na miaka. Desemba 2022 ukapiga marufuku majibu yaliyoandikwa na ChatGPT. Mei 2024 ukatangaza ushirikiano na OpenAI, wenye ChatGPT hiyohiyo, na majibu yaleyale ya bure yakawa chakula cha mashine. Baadhi ya watu wakakimbilia kufuta walichoandika, na wenye mtandao wakawafungia akaunti. Mpwa hapo husema pilau imezidi mdalasini.

Lakini naye ana mshale wake. Shemeji alijifunzia kazi kwa wachoraji wa Tingatinga, pale Oysterbay. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao, na mwaka 1972 akafariki. Ni kama miaka minne tu. Chui na ndege wote wale watalii wanaowabeba leo wametoka kwa wanafunzi wake, na wanafunzi wa wanafunzi wake, kila mmoja akianza kwa kunakili wa jirani. “Sasa Anko,” mpwa akasema huku akijiongezea kachumbari, “na wewe si ulijifunza kwa kuiga? Ulimlipa nani?”

Shemeji hakupandisha sauti, na anayemfahamu anajua hapo ndipo pa kuogopa. “Mwalimu wangu nilimwosha brashi mwaka mzima. Chai yake nilinunua mimi. Picha yangu ya kwanza aliiuza yeye, akanikatia cha juu, nikashukuru. Alipofariki nilibeba jeneza na mchango nikatoa. Hiyo mashine yako ilimzika nani?”

Mpwa akafikiri. “Msimbo hauna msiba, Anko.”

Nikadhani nimepata la kuwapatanisha. Nikawakumbusha habari iliyotolewa na jarida la Time Januari 2023: wafanyakazi wa Nairobi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma uchafu wa kila namna, unyama dhidi ya watoto ukiwemo, na kuuwekea alama ili ChatGPT isije ikautapika kwa wateja. Jirani zetu hawa, nikasema, mwendo wa basi tu. Maadili si yaanzie hapo?

Wote wawili wakainama kwenye sahani. “Hao si wachoraji,” akasema shemeji. “Hao si maprograma,” akasema mpwa. Ndiyo mara pekee nimewaona wakienda sambamba.

Kuna siku shemeji alitaka mgomo. Amesikia kwamba waandishi wa filamu wa Hollywood waligoma siku 148 mwaka 2023 wakarudi na vipengele vya akili mnemba ndani ya mkataba. Nikamwambia wale walikuwa na chama na mwajiri anayehesabu hasara. Yeye akigoma siku 148, atakayegundua ni mwenye nyumba.

Na mimi? Sijapona. Mwaka 2025 kampuni ya akili mnemba ya Anthropic ilikubali kulipa dola bilioni 1.5 kumaliza kesi ya waandishi ambao vitabu vyao ilivichukua kwenye maktaba za wizi za mtandaoni. Hesabu yake ni kama dola 3,000 kwa kitabu. Nilipoisikia nikapata usingizi mtamu. Asubuhi nikamkabidhi mpwa simu anitafutie kitabu changu kwenye orodha ya walioibiwa. Akatafuta kwa jina langu, akatafuta kwa jina la kitabu, akatafuta kwa kukosea tahajia makusudi. Hakimo. Wamekomba dunia nzima wakanipita! Nakala zangu nyingi bado ziko stoo, zinasomwa na mchwa. Walioibiwa wana kesi, wana wakili, wana hundi. Mimi niliyeachwa nina malalamiko tu, na hakuna mahakama inayoyapokea.

Yote hayo yangeishia kwenye pilau, ila hivi karibuni wameingia biashara. Shemeji alitaka tovuti ya kuuzia picha, yenye tangazo kubwa mbele: kazi zote hapa zimechorwa kwa mkono wa binadamu, na mashine yoyote ni marufuku kuzigusa. Akamwagiza mpwa. Mpwa akasema ni kazi ya wiki kadhaa, akataja bei ya wiki kadhaa. Tovuti ikawa tayari kabla risiti ya malipo ya awali haijakauka wino. Shemeji akaisifu kila mahali, hasa lile tangazo, jinsi lilivyopangika na mikato yake.

Siku chache baadaye mpwa akatuonyesha programu yake mpya ya kuagizia chakula kwa mama ntilie. Nembo yake ni twiga, macho makubwa, madoa yamepangwa kwa duara, nyuma pana mbuyu. Shemeji akavaa miwani. Akavua. Akasema, “Huyu twiga namjua. Nani kakuchorea?” Mpwa akaangalia feni. Halafu, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa ya kuumbuana, akaeleza pia tovuti ya Anko iliandikwa na nani, na lile tangazo je.

Nikaitwa kuamua, kama mkubwa. Shemeji hataki kumalizia deni la tovuti ambayo haikuandikwa na mtu. Mpwa anasema mteja hulipia kitu kinachofanya kazi, na tovuti inafanya kazi. Shemeji akajibu kwamba kumbe, basi na twiga anafanya kazi, alipwe yeye. Nikatoa hukumu niliyoiona ya haki: kijana aiandike tovuti upya kwa kichwa chake, na shemeji amchore twiga upya kwa brashi yake, deni lifutwe.

“Kwa mkono, Mjomba?” mpwa akashtuka. “Kwa mkono ni bei nyingine.”

Shemeji akadakia kwamba hata kwake twiga wa mkono ana bei yake, na malipo ya awali ni nusu.