Lukaku ni kabila gani?

Msyuuu! Kijiweni kwetu hapa Ifakara mtu hamalizi kikombe cha kahawa kabla hajaulizwa kabila. Juzi hata wachezaji wa Ubelgiji hawakupona. Kevin De Bruyne ni Mflemi, hilo halina ubishi. Je, Romelu Lukaku? Kijana mmoja wa bajaji akakata shauri: "Huyo Mkongo tu, mzee. Wazazi wake si Wakongo?"

Haya, sogeeni niwapasulie.

Waflemi ni Wabelgiji wa kaskazini, wanaosema Kiholanzi. Wataalamu wengi wanalihusisha jina lao na neno la kale la huko lenye maana ya mafuriko, kwa kuwa nchi yao ya pwani ilikuwa inamezwa na maji ya bahari kila mara. Watu wa mafuriko! Sasa wewe Mndamba unayecheka, masika mto Kilombero ukifura unapita na mtumbwi juu ya shamba lako la mpunga, unamcheka nani?

Utamu uko hapa. Flandria ya zamani, nchi yenye jina la Waflemi, ilikuwa himaya ya mtawala mmoja tu, upande wa bahari. Antwerp, alikozaliwa Lukaku mwaka 1993, haikuwamo. Ilikuwa mji wa Brabant, himaya nyingine. Ubelgiji ilipoundwa mwaka 1830, Kifaransa ndicho kilichokalia viti vya ofisini. Wasema Kiholanzi wa Flandria, Brabant na Limburg wakajikuta upande mmoja wa malalamiko, wakaishia chini ya jina moja. Mpaka mwaka 1898 ndipo sheria za nchi zikaanza kutambuliwa kwa Kiholanzi sawasawa na Kifaransa. Kwa hiyo mababu wa Antwerp nao walihamia kwenye Uflemi bila kuhama nyumba. Kama wao waliingia, Lukaku anazuiwa mlangoni na nani?

Na sisi je? Mbunga anayejitapa leo kuwa mwenyeji, wazee wake waliingia bondeni karne ya 19 pamoja na vishindo vya Wangoni. Wabena wa huku chini waliteremka kutoka milimani. Ndio hao ambao Waingereza akina Culwick waliwaandikia kitabu mwaka 1935 wakawaita Wabena wa mitoni. Lakini mtoto wa Msukuma aliyezaliwa Malinyi, akifungua mdomo tu, "rudi kwenu!" Mnh! Ng'ombe walizidi bondeni, sikatai, na mwaka 2012 serikali ilifanya operesheni ya kuwaondoa. Ugomvi wa malisho tuumalize kama ugomvi wa malisho. Kuzaliwa kwa mtoto kunahusikaje?

Halafu kuna hili la ng'ambo ya mto. Oktoba 1917 majeshi ya Ubelgiji yaliwanyang'anya Wajerumani Mahenge, na askari waliobeba mzigo wa vita hivyo walikuwa Wakongo. Kamanda wao, Armand Huyghé, baadaye akaongezewa heshima kwenye jina: Huyghé de Mahenge, yaani wa Mahenge. Aliyekuja na bunduki akapewa Mahenge nzima, aliyezaliwa hapa ananyimwa hata kijiji. Nyoo!

Basi: Lukaku ni Mflemi, na yule mtoto wa Malinyi ni wa bondeni. Anayebisha alipe kahawa ya wote.