Bado Mmoja: Sifa za Noah Isiyoondoka

Babati hatuna shida ya usafiri, na kila usafiri tulio nao umeshapata wa kuusifu. Basi la Arusha lina tiketi mtandao, namba ya siti na kifaa cha LATRA kinachomchongea dereva akikanyaga mafuta kupita kiasi. Bodaboda ina kijiwe kila kona, na ukiwa na haraka na mwenzako mnapanda mshikaki, mkafika mmebanana lakini mmefika. Bajaji ina paa. Hata ndege tunayo kwa jina, maana kiwanja cha Ziwa Manyara kinaitwa kama mkoa wetu, ingawa chenyewe kimekaa Mkoa wa Arusha.

Noah peke yake, ile gari ndogo ya abiria ya kwenda Galapo, Dareda na Bashnet, ndiyo haina wakili. Watu huipanda wakisonya na kushuka wakilaani. Shtaka lake ni moja: haiondoki mpaka ijae. Leo nasimama kuitetea, tena bila kulipwa nauli. (Utani wa safina ya Nuhu naupita. Kila konda wa hapa stendi anao, na umeshachoka.)

Tuanze na heshima. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatoka Dar es Salaam kwenda Dodoma kwa saa iliyoandikwa. Dakika ikifika, mlango unafungwa na kitu kinaondoka, uwe umefika au bado uko getini unahema. Watu wanaita hayo maendeleo. Mimi naona ni dharau. Treni inakwambia waziwazi kwamba safari inawezekana bila wewe. Noah ya Babati haijawahi kumtamkia abiria neno zito namna hiyo. Kwake bila wewe hakuna safari, na ili ujue inamaanisha, itakusubiri kuanzia saa mbili asubuhi hadi adhuhuri hali haikujui jina wala sura. Ukitokea mwisho kabisa, unapokelewa kama bwana harusi: begi limeshanyakuliwa, mlango uko wazi, wote waliomo ndani wanakutazama kwa mapenzi ambayo hata kwenu huyapati. Huyo ni wa mwisho. Wa kwanza, aliyeingia umande haujakauka, yeye ni msingi, na msingi hauulizi nyumba itaisha lini.

Wasomi watasema hii ni dhuluma ya muda. Wakae kwanza na dereva wapige hesabu. Mafuta ya kupanda Bashnet hayapungui kwa sababu umebeba watu watatu. Mwenye gari, ambaye mara nyingi ni mwalimu au mwenye duka aliyekopa, anataka hesabu yake kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Kwa hiyo abiria wa mwanzo wanalipa mafuta, wa katikati wanalipa hesabu, mmoja analipa mpiga debe, mwingine analipa mambo ya njiani ambayo hayaandikwi kwenye daftari. Dereva na konda wanakula kwa abiria wa mwisho. Konda akisema “bado mmoja”, basi, anataja chakula cha mchana. Nani ana moyo wa kumwambia aondoke bila kula?

Ni kweli kwamba huyo mmoja ana tabia ya kuongezeka. Toyota ilipoitoa Noah mwaka 1996 iliikusudia iwe gari la familia, na Wajapani waliihesabia watu wanane pamoja na dereva. Babati tumeisahihisha hesabu hiyo. Mbele wanakaa wawili na dereva. Siti ya katikati ni ya watatu kwa maandishi na wanne kwa udugu. Watoto hawahesabiwi, wanapakatwa. Tena hawapakatwi na mama zao peke yao, maana mama ana mmoja mgongoni tayari, kwa hiyo wewe kijana uliyekuja na kompyuta yako ya mkononi unajikuta umepewa mtoto wa Kirangi anayekutazama bila kupepesa. “Shangazi, sogea kidogo.” “Mzee, kaa ubavu.” Magunia yanakwenda kwenye keria, kuku wanakwenda chini ya siti, na buti linafungwa kwa kamba ya katani. Konda anaegemea mlango kwa nje, nusu yake Babati, nusu yake safarini.

Kabla ya hapo, lakini, kuna sanaa, na hapa ndipo wakosoaji wanaponiudhi. Wanalipa pesa kwenda kuangalia maigizo mijini, na hawaoni yanayochezwa bure stendi. Dereva anaingia kwa ghafla kama aliyepata habari mbaya. Anawasha gari. Anapiga honi mara mbili, anasogea mbele hatua tatu, na nyinyi mliokata tamaa mnashika viti na kumwambia Mungu asante. Kisha anarudi nyuma taratibu hadi palepale kwenye alama ya oili. Ameshafanya kazi yake: mama mmoja aliyekuwa ng'ambo akipatana bei ya nyanya ameona gari linaondoka, amekimbia, ameingia. Wapo pia wale vijana watatu watulivu waliokaa siti ya nyuma tangu asubuhi, mmoja hata amesinzia. Ukawaona ukafikiri gari linakaribia kujaa. Abiria wa kweli wakishatimia, vijana wanaamka, wanashuka, wanapokea chochote kutoka kwa mpiga debe na kuhamia Noah inayofuata. Waigizaji wangapi nchi hii wana kazi ya kila siku?

Na mnapongoja mnafanya nini? Mnaongea, na maongezi ya hapa si ya kawaida. Wanaisimu huitaja sehemu hii ya nchi kama mahali adimu Afrika ambapo makundi yote manne makubwa ya lugha za bara hili yanakutana: Kiiraqw na Kigorowa ni za Kikushi, Kirangi na Kimbugwe za Kibantu, Kibarbaig na Kimasai za Kiniloti, na mwendo mfupi kutoka hapa wapo Wasandawe na Wahadza wenye lugha za vidoko vya ulimi. Vyuo vya Ulaya hutuma watu na vinasa sauti kuja kutafuta mkutano huo vijijini. Wangekata siti ya nyuma kwenda Dareda. Mgorowa, Mrangi na Mbarbaig wamekaa goti kwa goti, jasho moja, wanalaani konda mmoja, kwa Kiswahili fasaha.

Mada kubwa ni mbaazi. Wilaya hii inalima mbaazi ambazo mnunuzi wake mkubwa yuko India, na mwaka 2017 serikali ya kule ilipoweka kikomo cha mbaazi za kuingiza, bei huku iliporomoka mpaka watu wakabaki na magunia ndani kama wageni wasioaga. Uchambuzi wa jambo hilo niliousikia ndani ya Noah iliyosimama ulishinda semina nyingi za wataalamu. Ungestahili kuandikiwa ripoti. Semina zenyewe, nikumbushe, nazo hazianzi mpaka ukumbi ujae.

Sasa barabara. Babati imekaa juu ya ile njia kuu ambayo wakoloni waliota itoke Cape Town hadi Cairo, na tangu lami ya kwenda Dodoma kupitia Kondoa ilipozinduliwa mwaka 2018, msafiri wa Arusha kwenda Dodoma halazimiki tena kuzungukia Singida. Basi kubwa linapenda lami. Kazi ya Noah inaanzia lami inapokomea. Wakati wa masika, kwenye utelezi na miinuko, gari tupu huyumba huku na huko. Lililojaa linakamata udongo kwa uzito wake. Na likinasa, nani atasukuma? Aliyeondoka na abiria watatu atalala hapo. Aliyengoja akajaza ana kikosi kizima, wanaume wanakunja suruali, kina mama wanatoa maelekezo, na mzee wa kanisa anashika fimbo yake akihesabu “moja, mbili”. Ule uliodhani ni uchoyo wa konda kumbe ulikuwa upangaji wa watumishi.

Nikiri kuna jambo utetezi wangu unaliruka haraka. Mara nyingine anapandishwa mgonjwa aliyetoka hospitali, amefungwa kanga tumboni, anaegemea bega la dada yake, na konda anasema vilevile kwa sauti ileile: bado mmoja. Hapo gari zima linanyamaza. Kisha mtu, mara nyingi mwanamke, anauliza siti iliyobaki ni bei gani, wanachanga mia tano mia tano, wanainunua siti ya mtu ambaye hajazaliwa, na gari linaondoka papo hapo. Kwa hiyo linaweza kuondoka. Msimwambie mtu kwamba nimesema.

Na lisidhaniwe kuwa ni gari la uvivu. Noah hii inayokaa Babati hadi adhuhuri ndiyo inayolala Bashnet, na kule tabia yake inageuka. Saa kumi alfajiri, baridi ya juu kule ikiuma masikio, inapita nyumba kwa nyumba ikipiga honi, na asiyetoka inamwacha, hata akikimbia na kiatu kimoja. Haingoji mtu, maana inajua itawaokota wengine njiani hadi Dareda. Wageni huishangaa sana hii. Wenyeji wanampigia dereva usiku baada ya chakula, wanamsalimia, wanamuuliza habari za mama yake, ndipo wanataja siti. Ya dirishani huwa ina mwenyewe, mwalimu mkuu au mfanyabiashara wa vitunguu swaumu, kwa hiyo omba ya katikati. Akikujibu “nakupitia”, uwe umesimama barabarani saa tisa na nusu.