Namna ya Kuliponda Tangi kwa Karatasi ya Nailoni

Tafuta tangi kubwa la chuma, pampu nzima na kipande cha nailoni. Nyundo ya nini? Hewa inayotuzunguka itafanya kazi yote.

Anza siku ya kupaka rangi. Juu ya paa la tangi kuna bomba fupi lililopinda, lenye wavu mdomoni: hapo ndipo tangi linapopumulia. Waache mafundi walizibe kwa nailoni ili vumbi na rangi visiingie. Nia yao ni njema, na ndiyo maana ajali hii haiishi. Mhandisi wa Uingereza Trevor Kletz, aliyeandika sana juu ya ajali za viwandani, alikwisha kuieleza zamani. Inauma kwamba bado tunairudia.

Jioni, washa pampu. Ikitoa mafuta mita za ujazo 300 kwa saa, lazima lita 5,000 za hewa ziingie kila dakika kushika nafasi yake. Zipite wapi? Ombwe linaanza ndani. Wengi huamini kwamba chuma kitavumilia, lakini ukuta wa tangi umeundwa kuzuia mafuta yanayosukuma kwenda nje. Ukisukumwa kwenda ndani hukunjika upesi. Kiwango cha API 650, kinachofuatwa sana katika ujenzi wa matangi ya mafuta, kinaliruhusia tangi la kawaida ombwe la kilopaskali 0.25 tu. Mtoto akinyonya soda kwa mrija anapita hapo. Ila juu ya paa lenye kipenyo cha mita 20, ombwe hilohilo hukandamiza kwa uzito wa karibu tani 8. Paa likizama, aliye juu yake huenda nalo, na mabomba yakichomoka petroli humwagika.

Huna pampu? Osha tangi kwa mvuke, kisha funga kila mlango kabla halijapoa. Lita moja ya maji hutoa mvuke wa zaidi ya lita 1,600, nao ukipoa hurudi kuwa lita ileile moja. Mombasa au Dar es Salaam hata mvuke si lazima: jua kali likifuatwa na mvua ya ghafla, hewa ya ndani husinyaa haraka, na kipumulio chenye kiota cha nyigu hakiwahi kuifidia.

Ukipenda kulipasua badala ya kuliponda, lijaze upesi kuliko linavyoweza kutoa hewa.

Lakini kama unataka watu warudi nyumbani, piga hesabu ya kipumulio kwa pampu yenye kasi kuliko zote, kisha ongeza ile mvua. Weka vali ya presha na ombwe, na usiitegemee peke yake. Kila baada ya matengenezo, mtu apande kutazama kwa macho yake. Karatasi iliyotiwa saini ofisini haitoshi. Swichi ya pampu ifungwe kwa kufuli, na ufunguo akae nao yule aliyeziba, mpaka atakaposhuka na nailoni mkononi.