Sanduku la Vitabu na Tundu la Msumari

Mvua ya mwezi wa kumi na moja ilitukuta usingizini. Kwetu Burungu, huko Masisi, mashariki mwa Kongo, mvua haipigi hodi. Inateremka na upepo kutoka vilimani, inayapiga mabati, yale tunayoita manjanja, mpaka mtu na mwenzake hawasikilizani kitanda kimoja. Kelele hiyo nimeizoea tangu utotoni, hainiamshi. Kilichoniamsha ni tone. Lilianguka, likanyamaza, likaanguka tena, na halikulia kama tone linalogonga sufuria au sakafu. Lilikuwa linaangukia kitu laini.

Niliwasha tochi nikaielekeza juu. Kwenye mbao za dari, mahali nilipopachagua mwenyewe ili panya wasipafikie, kulikuwa na katoni kubwa ya sabuni. Ubavu wake ulikuwa umevimba kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani mabichi. Juu yake, kwenye bati, msumari mmoja ulikuwa umelegea na kuacha tundu lisilopita punje ya harage. Maji yote ya usiku ule yalikuwa yameingilia hapo.

Ndani ya katoni mlikuwa na vitabu 31.

Mdogo wangu hufuatana na magari ya mizigo yanayotoka bandari ya Dar es Salaam. Kwa miaka miwili alikuwa akininunulia vitabu vilivyokwisha kusomwa, kimoja leo, viwili safari ijayo, akivifungia chini ya kiti cha dereva. Gari liliviacha barabarani, na mpwa wangu akavimalizia njia kwa chukudu, ule usafiri wetu wa mbao wenye magurudumu mawili, pamoja na gunia la makala, yaani mkaa, na viazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Darasani nina vitabu vichache vya kugawana, tena watoto wanafundishwa kusoma kana kwamba kitabu ni kitu cha mtihani tu. Nilitaka nyumbani kwangu mambo yawe tofauti.

Kwa hiyo nilipanga. Nilikata vikaratasi, nikaandika kwa kalamu jina la mwenye kitabu, nikachomeka kimoja ndani ya kila kitabu. Baba watoto ni mfugaji, nikamwekea *Utubora Mkulima* cha Shaaban Robert. Binti yetu mkubwa anajiandaa kwa mtihani wa Serikali, nikamwekea sarufi ya Kifaransa. Mvulana wa miaka kumi na miwili, ambaye kitabu kwake ni adhabu, nikamtafutia kitabu cha maadili mema. Kitinda mimba akapata cha herufi. Koko, mama mkwe wangu, sikumwekea kitu, kwa sababu hakwenda shule. Mimi nikajiwekea *Kusadikika*, nilichokisoma zamani kwa kuazima nikakirudisha na huzuni. Siku ya kuvigawa ilikuwa Noeli.

Usiku ule tulivishusha kwa mikono sita. Nilipofungua cha kwanza, kikaratasi changu kilikuwa kimebaki doa la buluu. Wino wa kalamu ulikuwa umekimbia wote. Maandishi ya chapa yenyewe hayakuguswa, kila herufi ilikuwa mahali pake. Nikafungua cha pili, cha tatu, hali ni ile ile.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo bado linaniuma. Nilichochea mbabula, jiko letu la mkaa, nikaviegemeza vitabu vitatu karibu na makala. Nilidhani maji huondolewa na moto. Haikupita nusu saa, gundi ya mgongo wa *Kusadikika* ikayeyuka, jalada likajikunja kama jani la mgomba juani, na kurasa zikaanza kutoka moja moja. Za katikati zilikuwa bado zinachuruzika maji. Nilikaa chini nikalia.

Baba watoto aliviondoa vile vingine viwili motoni. Yeye anatengeneza fromaji, jibini ya mviringo inayoshuka kutoka malisho ya Masisi kwenda kuuzwa Goma. Akaniambia kwa upole, "Mama, hiki ni kitu chenye maji ndani. Ukikipeleka motoni, ganda linakauka, ndani kunabaki kubichi, kisha kinapasuka. Kifanye kama fromaji. Mbao, upepo, na kukigeuza kila siku."

Asubuhi alileta mbao zake za akiba akazipanga sebuleni, mbali na jiko, madirisha yakiwa wazi pande mbili. Alitufundisha hivi. Kitabu kilicholowa usikilaze, kisimamishe na kurasa zake zikiwa zimetawanyika kama mkia wa tausi. Kilichovimba sana, weka karatasi kavu kila baada ya kurasa kumi, na karatasi hizo zibadilishwe asubuhi na jioni. Tulichana madaftari ya zamani ya shule yote yaliyokuwamo nyumbani. Zilizogandana usizivute, pitisha kwanza ukingo wa kisu butu cha kukatia jibini. Vyenye karatasi inayong'aa vishughulikiwe mapema zaidi, maana vikikaukia pamoja haviachani tena. Tena usingoje, kwa sababu kwenye unyevu wa milima hii siku mbili zinatosha ukungu kuota.

Vitabu vilibaki 30, na kila mmoja alikabidhiwa vyake kwa kufuata mahali alipokaa. Majina yangu yalikuwa yameshafutika.

Kazi hiyo ilichukua siku tisa. Ukurasa haukaushwi bila kufunguliwa, na mtu anayejua kusoma hawezi kufungua kurasa mia mbili, mmoja baada ya mwingine, jicho lake lisitue popote.

Wa kwanza kunyamaza alikuwa Baba watoto. Mikononi mwake kulikuwa na *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, hadithi iliyoshinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki kabla ya kuchapishwa mwaka 1960. Ndani yake maiti inakutwa penye mzimu, watu wanatetemeka wakisema ni kazi ya mizimu, na Bwana Msa anakuja na kiko chake mdomoni akichunguza polepole nani alikuwa wapi na saa ngapi. Jioni ya pili nilimkuta ameshika kisu cha jibini katikati ya kurasa mbili zilizogandana, hapumui. Nikamuuliza kama anaumwa. "Ngoja," akasema, "hapa ndipo anapotaka kueleza." Mtu huyu ndiye niliyekuwa nimemtafutia riwaya ya mkulima mwema! Anaamka saa kumi usiku kukamua, shamba analijua kwa miguu yake. Alichokosa ni fumbo. Na nilipofikiri vizuri nikaona ni yeye anayeitwa kila ng'ombe anapopotea, asome nyayo.

Mvulana alipewa kijitabu chembamba, *Kikosi cha Kisasi* cha Elvis Musiba. Niliona anakigeuza upesi upesi ili akacheze mpira. Mara akapiga kelele: "Mama! Huyu Willy Gamba yuko Kinshasa!" Hakuwa amewahi kuona kitabu cha Kiswahili kinachofika katika mji mkuu wa nchi yake. Vya shule vyote vilimpeleka Paris. Alikaa palepale mlangoni na risasi na magari ya mpelelezi huyo mpaka giza likaingia, mpira wa majani ya migomba ukiwa umelala uani.

Binti aliangukia tamthilia. Tamthilia imejaa majina pembeni na nafasi nyeupe, kwa hiyo hukauka haraka, naye akapata muda wa kurudi mwanzo. Ilikuwa *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969, kuhusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 kusini mwa Tanganyika, wakati watu walipoamini kwamba maji ya mganga yatageuza risasi za Wajerumani. Akawapanga wadogo zake kuwa wazee wa kijiji akawasomesha sehemu zao. Sote tulicheka mwanzoni. Halafu maji yakatajwa. Huku kwetu, nchi ya Mai-Mai, wapiganaji wanaonyunyiziwa maji ili risasi zisiwapate, jambo hilo halihitaji maelezo. Kila mtu sebuleni alikuwa anamjua kijana fulani aliyenyunyiziwa.

Binti akasimamisha usomaji. "Papa, kumbe hata huko?"

"Hata huko, mwanangu. Na zamani hivyo."

Hakuna aliyeongeza neno. Mwanangu alisoma mpaka mwisho, peke yake sasa, kwa sauti ya chini, na nilitambua kwamba katika miaka yote ya kumfundisha sikuwahi kumpa maandishi yaliyomwezesha kuuliza swali lile mbele ya baba yake. Sarufi ya Kifaransa bado anaihitaji, na ameisoma. Lakini haiwezi kufanya kazi ya *Kinjeketile*.

Kitinda mimba, yeye, alikitupa cha herufi akang'ang'ania kitabu cha hadithi za Abunuwasi. Alijifunza herufi humo humo, kwa kutafuta mahali ambapo jina la Abunuwasi limeandikwa.

Sasa nimzungumzie Koko. Alikuwa ameomba kazi kama wengine, nikampa kitabu chembamba nikidhani anachambua karatasi tu. Siku ya tatu akaniita. "Mke wa mwanangu, kitabu hiki kina uzito wa mtu. Ni cha nani?" Kilikuwa *Wasifu wa Siti binti Saad*, alichokitoa Shaaban Robert mwaka 1958. Nikamweleza kwamba ni maisha ya mwanamke wa kijiji cha Fumba, Unguja, mtoto wa watu maskini, aliyekuwa akibeba vyungu kwa miguu mpaka mjini kuviuza, na baadaye sauti yake ikampandisha melini mpaka Bombay, mwaka 1928, kurekodi santuri za Kiswahili.

Koko amebeba kikapu kwa kamba ya paji la uso tangu akiwa msichana. Ukimtazama vizuri utaona alama ya kamba hiyo juu ya nyusi, mfereji mdogo ambao nywele hazikurudi kuota. Alinyanyua mkono akaugusa. "Soma," akasema. Nikasoma, nikigeuza na kukausha. Kila nilipofika mahali pa taabu alitikisa kichwa kama anayesikiliza habari za jirani. Pale watu walipomdharau Siti, akasema, "Hawa nawajua." Mimi niliyemnyima karatasi yenye jina lake kwa sababu hasomi, nilimwomba radhi. Alinijibu kwamba masikio nayo yana njaa, ila hayana mdomo wa kuomba.

Na mimi, niliyepoteza *Kusadikika* kwa mkono wangu? Nilichobakiwa nacho ni *Kichomi* cha Euphrase Kezilahabi, mashairi ya mwaka 1974. Nilikuwa nimekifukia chini kabisa ya katoni. Tulivyofundishwa, shairi bila vina na mizani si shairi, na kitabu hicho kilizua ugomvi mkubwa kati ya washairi kwa sababu hiyo hasa. Basi kwa siku tisa nilikuwa naye, mtu wa Ukerewe, sauti ya kisiwa ndani ya Ziwa Viktoria, anaongea taratibu kama mtu aliyekaa karibu nawe gizani. Sikubaliani naye kila mahali. Lakini nilipokuwa nimechoka, naye alionekana amechoka, na hakuna shairi lenye vina lililowahi kunifanyia hivyo.

Siku ya tisa vitabu vilikuwa vikavu lakini vimejikunja. Baba watoto akavipanga kati ya mbao mbili na kuweka mawe juu yake, kama anavyobana maziwa yaliyoganda, akaviacha juma zima. Vilitoka vimenyooka, vina mawimbi pembeni na harufu kidogo ya maziwa. Msumari niliupigilia mwenyewe, na lami juu yake.

Hatukugawa kitu Noeli. Jioni tulikula viazi na maharage, na kila mtu akanyanyuka akachukua chake bila kuambiwa.

Mwezi wa kwanza wa 2023 vita vilifika upande wa Kitchanga, mji wa jirani, na sisi wa Burungu tukatoka kama wengi walivyotoka, kwa miguu, usiku. Anayejua kukimbia anajua hesabu yake: godoro, sufuria, unga, mtoto mgongoni. Vitabu ni mzigo wa mwisho kufikiriwa, ni vizito kama mawe. Sikutoa amri yoyote kuhusu vitabu, na katoni niliiacha juu ya mbao zile zile.

Tulipopumzika alfajiri, Baba watoto alifungua gunia la unga atoe kikombe, na Bwana Msa alikuwa humo. Mvulana alikuwa na Willy Gamba ndani ya shati, tumboni. Binti alikuwa ameifunga tamthilia pamoja na vyeti vyake vya shule. Abunuwasi alikuwa mkononi mwa kitinda mimba njia nzima, nikidhani ni kipande cha mbao. Changu kilikuwa kwenye pindo la kikwembe, yaani kitenge changu, nami nilikuwa nimeona haya kumwambia mtu.

Koko alikaa juu ya jiwe, akavuta kikapu chake mbele, akatoa sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, akatoa chumvi, kisha akatoa kitabu chenye mawimbi pembeni akanipa. Mwanga ulikuwa haujatosha vizuri.

"Soma pale anapopanda meli," akasema.

Nikasoma.