Kiini cha Kitunguu

Mwanafunzi wa biashara mjini Embu, akilazimika kuchukua somo la utangulizi wa biolojia ili atimize idadi ya masomo, hugundua mapema kwamba uhai ni jambo la kukaririwa usiku wa kuamkia mtihani. Hujifunza kwamba mitokondria, yaani sehemu ya seli inayozalisha nishati, ni mtambo wa umeme wa seli, na sentensi hiyo, ambayo ataibeba hadi uzeeni bila kuifungua, humtosha kujiona mwanasayansi.

Maabarani huletewa utando mwembamba wa kitunguu uliotiwa iodini ili kiini cha seli, kinachohifadhi chembe za urithi, kionekane kwa hadubini; naye, kwa bidii isiyo na lawama, huchora kiputo cha hewa, hukizungushia duara safi kwa penseli iliyochongwa vizuri na kuandika kando yake "kiini", huku jirani yake (wa uchumi, bila shaka) akinakili kiputo hichohicho.

Nyumbani kwao Runyenjes, mibuni hushambuliwa na chulebuni, ugonjwa wa kuvu unaoozesha buni changa, ambao aina ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, ilizalishwa ili kuustahimili. Lakini kwa kuwa hilo halimo katika noti, si biolojia. Babake akimpigia simu kuuliza kwa nini buni zinaanguka zikiwa nyeusi, hujibiwa kwa heshima kwamba mwana anasomea biashara.

Kiputo kilipata alama saba kwa kumi.